Jibu Alilompa Refa

Mume wangu ni fundi wa sofa, na mtaa mzima unamwita Misumari. Akiwa kazini hujaza misumari midogo mdomoni, kumi na tano hivi, halafu anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipigilia kabla hujamaliza kupepesa macho. Ukimsalimia anakujibu kwa pua. Yeye anavunja sofa, anaunga mbao, anafunga springi na kupanga sponji. Mimi napima, nakata na kushona kitambaa cha kuvalisha. Tumefanya hivyo miaka thelathini na moja katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ugomvi wetu wa kazi umekuwa mmoja tu: bwana huyu hatumii kitu kizuri. Alitunza velveti ya kijani miaka kumi akisubiri sofa inayoistahili. Panya waliiona inawastahili wao.

Nasimulia mimi kwa sababu yeye hasemi, na kwa sababu nimechoka kusikia wanaume wakinong'ona upuuzi kuhusu ugonjwa huu huku wakiangalia pembeni. Mwenye aibu zake na aende akasimame nje.

Inabidi nianze na kaka yake. Tulimwita Refa. Alikuwa mwalimu wa michezo, akastaafu, akabaki kuchezesha mechi za Jumamosi katika uwanja wa nyuma ya shule. Alikuwa mkubwa kwa mume wangu kwa miaka minane, mtu wa kifua, mwenye kicheko kilichotingisha vikombe kabatini. Akija kwetu alikaa mwisho wa benchi la kazi, upande wa dirisha, akipiga soga huku mdogo wake akigonga. Hakuwa na watu wengine wa kuwaambia ya moyoni. Wanaume wakubwa ndivyo walivyo, rafiki yao wa kweli ni mmoja, na mara nyingi ni ndugu.

Refa akapatikana na saratani ya tezi dume. Ilikuwa ya aina inayokimbia, lakini ilikuwa bado haijatoka nje ya tezi. Daktari alimwambia itolewe mara moja, na kwa uaminifu akamweleza yanayoweza kufuata: mkojo kumponyoka kwa miezi kadhaa, na jogoo kuchelewa sana kuwika, au kutowika tena. Refa alisikia hilo la jogoo tu. Akakataa. Baada ya miaka mitatu tulimzika akiwa mifupa na ngozi, na miezi ya mwisho mkewe alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka msalani, mwanamume yule wa kifua.

Baada ya mazishi daktari alituita jamaa wa karibu. Akasema ugonjwa huu hupenda kutembea katika damu moja, hivyo ndugu wa kiume na watoto wa kiume waliofika miaka arobaini wapime. Refa ameacha kijana mmoja, fundi umeme. Akasema atapima, akaahirisha, akaahirisha tena. Mume wangu alipima kwa sababu nilifunga karakana na kukaa na ufunguo siku tatu. Na wakaikuta. Ndogo, lakini ileile.

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno ya kumlilia, ya kumtisha, hata ya kumtukana. Sikuyahitaji. Alikubali upasuaji palepale, akasaini karatasi bila kuisoma, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejisalimisha polisi. Nilimshukuru Mungu. Sikujiuliza imekuwaje iwe rahisi hivyo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alikaa na mpira wa mkojo wiki mbili, kisha akahamia kwenye pedi, na kwa kweli alizivumilia kuliko mimi nilivyozivumilia ujanani. Alifanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kama alivyoelekezwa, akiwa amesimama anapigilia, na mimi nilijua kwa sababu alikuwa akibana pumzi na kukodoa macho. Mwezi wa nne mkojo ukashika adabu. Lile jambo jingine, kimya. Daktari, mwanamama mdogo anayeweza kuwa binti yetu, alikuwa ametwambia mapema: mishipa ya fahamu imebakizwa pande zote mbili, lakini imeshtuka, na huweza kuchukua mwaka na nusu, hata miwili, kuamka. Akampa vidonge vya kumeza kimoja kila jioni. Kila tukirudi kliniki anamuuliza, "Baba, unakunywa?" Naye anajibu, "Nakunywa."

Wakati huo alikuwa ameshaanza kulala karakana, juu ya sofa za wateja. Leo ya watu watatu, wiki ijayo ya watu wawili, miguu ikining'inia. Nikamuuliza kulikoni, akasema anapima springi. Miaka thelathini hajawahi kupima springi kwa kukoroma. Nilielewa kwamba ananikimbia, nikanyamaza nikidhani ni aibu, na aibu ya mwanamume ukiishika vibaya inavunjika mkononi. Nilichoogopa hasa ni hiki: kwamba nimelinyang'anya kaburi mume wangu, halafu nampoteza akiwa hai, ng'ambo ya ukuta mmoja. Nilimtaka. Nina miaka hamsini na minne na sioni haya kusema. Nilitaka mwili wake, na hata kama mwili usingeitika, nilitaka uzito wake upande wake wa kitanda.

Mwezi wa kumi nilikuwa natafuta zipu ya mto mkubwa. Nikafungua kopo moja la biskuti tunamowekea vifaa vya kushonea, nikafungua la pili. Ndani ya la pili kulikuwa na vidonge vyake vyote. Karatasi kwa karatasi, zimepangwa vizuri, hakuna hata kimoja kilichofumuliwa. Nilikwenda nalo mpaka mbele ya pua yake.

"Hivi ni nini?"

Akatema misumari kiganjani. "Vidonge."

"Najua ni vidonge. Nauliza kwa nini viko kwenye kopo na si tumboni mwako."

"Nilikuwa naviweka kwa siku yenyewe."

"Siku gani hiyo? Unasubiri mgeni wa heshima?"

 Nami nikaona velveti ya kijani mbele ya macho yangu, miaka yote kumi, na nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilimwita bahili wa mwili wake mwenyewe. Nilimwambia hata jogoo akiwika hatamsikia, atakuwa anamfungia koponi. Kesho yake nikamburuta kliniki.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. "Baba, hivi sikukupa kwa ajili ya shughuli," akasema. "Nilikupa ili damu ipite kule hata kama hakuna kazi. Nyama ikikaa miezi mingi bila damu inakakamaa. Tumechelewa, na sitakuahidi kitu. Lakini hatujafika mwisho." Akafungua kabati akatoa bomba la plastiki lenye pampu ya mkono na mipira ya duara ya kuvisha shinani, akanigeukia mimi. "Mama, hii ni kazi ya watu wawili."

Tuliijaribu Jumapili mchana, mlango umefungwa kwa komeo, karatasi ya maelezo imetandazwa kitandani. Maandishi yalikuwa madogo, tukapokezana miwani. Alipoona ile pampu, ufundi ukamzidi. Akaigeuza, akaipuliza, akasema, "Hii washa ya mpira hapa itavuja," akataka kwenda kuchukua gundi. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Tukafuata hatua, na taratibu kikainuka kwa nguvu ya mashine, cha baridi, rangi imeiva kupita kiasi, si cha kujivunia, lakini kilikuwa pale.

Halafu akaacha kucheka. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbele.

"Umemsikia?"

"Nani?"

"Hakuna mtu." Akautoa ule mpira kwa haraka, akavaa suruali, akaenda karakana. Nikamsikia anagonga. Jumapili hatufanyi kazi.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Niliona kwamba mwisho wa benchi, upande wa dirisha, hauwekwi kitu. Nyundo, mkasi, mabaki ya sponji, vyote vimerundikana upande huu, na kule kweupe, kumefutwa vumbi. Mteja akitaka kukaa pale anaombwa asogee, mara kuna gundi mbichi, mara kuna msumari umetokeza. Niliona anasimamisha nyundo hewani, anasubiri, kisha anaendelea, kama vile kuna mtu amemkatiza. Alasiri moja nilikuja na kitambaa begani nikasimama mlangoni kwa sababu nilisikia sauti yake, safi, mdomo hauna misumari.

"Nilikuwa natania," alikuwa anasema. "Nilikuwa natania, kaka."

Hakukuwa na mtu.  Nilirudi kinyumenyume, na nisidanganye, kuanzia hapo hata mimi nilipopita kuchukua uzi nilizunguka upande wa pili. Mtu aliyekufa akiwa na kicheko kikubwa vile huacha nafasi kubwa.

Nilimrudisha kitandani kwa amri. Kila jioni nilimsimamia akameza kidonge, nikamwambia afungue mdomo nione, kama mtoto mwenye malaria. Tulitumia pampu kila siku mbili bila kutazamana. Ikapita miezi miwili, mitatu, minne. Hakuna.

Kisha asubuhi moja niliamka kabla yake, shuka limeteleza, nikaona. Hakuna pampu, hakuna mpira. Nusu tu, kimejiegemeza, lakini chenyewe, cha joto, kwa hiari yake. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nikamtikisa bega.

"Bwana, amka. Una mgeni."

Akafumbua macho, akatazama. Nilikuwa tayari kwa kicheko, kwa vigelegele, kwa lolote. Alijifunika uso kwa mikono miwili akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha furaha. Alilia kama siku tuliyomshusha Refa kaburini. Nilimwacha mpaka akapata sauti.

"Aliniuliza," akasema. "Wiki ileile aliyoambiwa. Alikuja karakana, akakaa pale, akasema, mdogo wangu, ingekuwa wewe ungefanyaje? Alikuwa anauliza kweli, Mama. Mimi nilikuwa na misumari mdomoni. Hata sikuitoa. Nikamwambia, mimi? Mimi ningekufa mwanamume."

"Ukasema hivyo?"

"Akacheka. Tukacheka wote. Akanipiga bega, akasema umenena. Kesho yake akaenda kukataa." Akapangusa pua kwa shuka. "Halafu zamu yangu ilipofika sikubisha hata neno moja. Nikapanda kitanda. Nikajisemea, basi hiki angalau kisirudi. Kisiporudi, tumelipa wote wawili, kila mtu kwa upande wake. Lakini kikirudi, Refa amekufa bure. Na niliyemuua ni mimi."

Kwa hiyo haikuwa velveti. Nilikuwa nimemtukana kwa ubahili mtu aliyekuwa anajifungia adhabu koponi, karatasi kwa karatasi. Niliona aibu, na papo hapo nikaona hasira tena, maana adhabu hiyo alikuwa amenihukumu na mimi bila kuniuliza. Sikumwambia si kosa lake. Lilikuwa kosa lake, na angejua namdanganya. Nilimwambia, "Ulimjibu vibaya. Sasa mimi nimekosa nini?"  Halafu akanisogelea, tukalala hivyo, mgeni ameshaondoka zake, mpaka mteja alipogonga mlango wa mbele.

Baada ya hapo mambo yalirudi kidogo kidogo. Si kama zamani na asikudanganye mtu. Kinahitaji kidonge, kinahitaji subira, siku nyingine kinahitaji ule mpira, na siku nyingine kinasema leo hapana na tunaheshimu. Mwisho wake ni mkavu, kwa sababu kilichokuwa kinatengeneza maji hayo kimetolewa. Lakini raha ipo, naisema wazi, na mara ya kwanza ilipokamilika nilimng'ang'ania nikalia mimi. Yeye alikuwa anatazama mlango. Nilikuwa nimempata mume wangu, na kulikuwa na mtu wa tatu chumbani.

Mjane wa Refa alikuja kututembelea Jumamosi moja asubuhi. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, asiyekuja mahali bila sababu. Alinikuta jikoni namenya viazi, akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili akaanza kunisaidia bila kuombwa. Mume wangu alikuwa ukumbini anajimiminia maji.

"Nikuulize kitu, mdogo wangu, usinifiche," akasema. "Shemeji alipona sawasawa? Yale ya chumbani?"

Nilitazama kiazi. Nikisema ndiyo, namwambia mumewe alikufa kwa kuogopa kitu kinachotibika. Nikisema hapana, namvua nguo mume wangu. Nikachagua.

"Hapana, dada. Hakuna kitu."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Basi Refa alijua. Miaka hii yote nimekuwa najiuliza, labda ningempigia magoti. Labda ningelia zaidi." Akatabasamu kidogo. "Basi hakukosea."

Nilijiona mtu mwema. Wema wangu ulidumu kama viazi viwili hivi.

"Niliuliza kwa sababu ya kijana wangu," akaendelea. "Hatimaye kapima. Damu imetoka vibaya, wakamkata kinyama wakapime, ni ileile. Wanataka waitoe tezi. Amechanganyikiwa, mkewe bado mdogo. Sasa nitamwambia afuate ya baba yake. Afadhali heshima."

Kisu changu kilisimama. Nilifungua mdomo, na sikujua nitaanzia wapi kuumeza uongo niliokwisha kuutema. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshaingia, glasi ya maji mkononi. Katika maisha yake hajawahi kuingia jikoni wanawake wakizungumza mambo hayo. Akisikia tu hukohoa akatoka nje.

"Shemeji, mke wangu amekudanganya," akasema. "Kimerudi."

Mjane akainua uso.

"Si kama cha ujana. Kilichukua zaidi ya mwaka, na mimi mwenyewe nilikichelewesha kwa kutokunywa dawa. Lakini kimerudi. Kijana akatolewe hiyo tezi. Akatolewe wiki hii."

Angeishia hapo. Nilimwomba kwa macho aishie hapo, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa na faida kwa kijana, yalikuwa ya kumuumiza mama yake tu. Aliniona, akatingisha kichwa.

"Na kingine. Refa aliniuliza kabla hajakataa. Mimi ndiye niliyemwambia afadhali kufa mwanamume. Nilikuwa natania. Yeye hakuwa anatania."

Nilisubiri yowe. Mjane aliweka kisu chini, akachukua kitambaa, akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Aliniambia," akasema. "Alirudi nyumbani siku ile amechangamka. Akasema, hata Misumari kasema hivyohivyo. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Nikanyamaza. Nikasema, kama wanaume wawili wenye akili wameona hivyo, mimi nani?"

 Akasimama, akachukua mkoba wake, akapita katikati yetu akaenda mlangoni kuvaa viatu. Tulimfuata. Mume wangu alianza kusema neno la kuomba radhi, akalikatiza njiani, na mjane hakugeuka. Alifunga kamba za kiatu cha kwanza, akafunga cha pili. Akiwa ametupa mgongo, mkono juu ya kitasa, akauliza:

"Daktari wenu anapatikana siku gani?"

"Alhamisi," mume wangu akasema. "Nitakwenda naye, shemeji. Nitamfuata mwenyewe nyumbani."

"Hapana," akasema. "Safari hii nakwenda mimi."